Programu Yenye Picha ya Sindano

Kompyuta ya nyumba ile iliwashwa kila siku kabla maji ya chai hayajabandikwa jikoni, ili watu wakimaliza kunywa nayo iwe imeshaamka. Bibi alisema inamkumbusha marehemu shemeji yake: ukimwita asubuhi anaitika adhuhuri, na akiitika hana la maana.

Ilikaa sebuleni, katikati ya kiti cha bibi na mashine ya kudarizi. Waya mweusi ulitoka nyuma yake ukaingia ubavuni mwa mashine, na mkate wa nyumba nzima ulipita kwenye waya huo. Fundi hufungua nembo kwenye kompyuta, kompyuta huipeleka kwa mashine, na mashine hushuka na sindano yake kifuani mwa sweta. Zamani nembo ilipita kwa dakika mbili tatu. Sasa ilichukua nusu saa na zaidi, na mara nyingine ilikwama katikati. Hapo fundi hukaa na mikono mapajani akitazama nusu ya mwenge na nusu ya kitabu, ngao ikiwa haina chini.

Juma lile palikuwa na sweta sitini za shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Mwalimu wa stoo alikuwa amezileta mwenyewe, zimefungwa kumi kumi, na hakukubali hata kukaa.

"Ijumaa saa sita, fundi. Mara iliyopita ulichelewa siku mbili, nikasimama mbele ya mkuu kama mwizi wa kuku. Ukichelewa tena, kazi ya shule naipeleka kwa wenye mashine nne."

"Ijumaa utazipata, mwalimu."

"Mashine yako ina nini siku hizi?"

"Si mashine. Ni hiyo kompyuta."

"Mimi sivai kompyuta," alisema mwalimu wa stoo, akaenda zake.

Nyumba ile haikuwa na kazi nyingine ya kuegemea. Mke wa fundi alipiga pasi asubuhi kwenye duka la kufulia, lakini hicho kilikuwa kibarua cha chumvi na sabuni. Shule ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.


Jumapili baada ya chakula cha mchana, mke wa fundi alifungua daftari la darasa lake la jioni. Alikuwa akisoma kompyuta mara mbili kwa wiki, katika chumba chenye viti vya watoto wadogo, na alirudi kila mara na magoti yanayouma na jambo moja jipya.

"Baba Chiriku," alisema, "mwalimu wetu anasema kompyuta haizeeki upesi hivyo. Inalemewa. Mle ndani mna programu ambazo hakuna anayezitumia, na zote zinaamka nayo asubuhi."

"Kama wageni wa kulala," bibi alidakia.

"Hasa, mama. Wamekuja na mikeka yao na hawaagi."

"Zitoe basi," alisema fundi. "Lakini usije ukaniharibia. Nina sweta sitini."

"Ndiyo maana sitaki kubahatisha. Nitaandika majina yote kwenye karatasi. Kila mtu atie alama kwenye yake. Isiyo na mwenyewe inatoka."

Ndivyo walivyozoea kufanya na nguo zilizoanuliwa. Zilirundikwa kitandani, kila mtu akavuta yake, na kilichobaki bila mwenyewe kikawa tambara la kudekia. Hakuna aliyeona kosa katika mpango huo.

Majina yalifika thelathini na nne. Mke wa fundi aliyaandika kwa herufi kubwa, mengi yakiwa ya kigeni, mengine si majina bali herufi na tarakimu zilizopangwa kama namba ya gari. Karatasi ikazungushwa kama sinia. Chiriku, binti yao wa miaka tisa, aliyeitwa hivyo kwa sababu hanyamazi, alichora ua mbele ya mchezo wa kupaka rangi na jingine mbele ya mchezo wa kupika.

"Wa kupika hujaufungua tangu mwaka jana," mama yake alisema.

"Nitaufungua!"

"Ua moja, mwanangu. Kila mtu anapunguza."

Bibi alipokea karatasi, akaigeuza juu chini, akacheka. "Mimi kusoma sijui. Ile ya kusikilizia redio ni ipi? Nionyeshe hapo nami nitie duara langu." Akaonyeshwa, akatia duara lililopinda. Hakuona haya, wala hakuna aliyetarajia mtu wa umri wake aone haya.

Kisha karatasi ikamfikia fundi.

Aliishika mbali, akaileta karibu. Mkewe alikuwa akimtazama, na mama yake, na binti aliyekuwa akisoma magazeti ya kufungia mkate kwa sauti tangu ana miaka sita. Fundi huyu alidarizi herufi vizuri kuliko mwalimu yeyote anavyoziandika. Wakuu wa shule walizisifu, wima na zenye mwili. Lakini alizijua kama anavyojua petali za ua, kwa idadi ya misokoto na unene wa uzi. Zikipangwa pamoja ziseme neno, alihitaji muda, midomo, na upweke. Na haya yalikuwa maneno ya kigeni.

Alipitisha macho mstari kwa mstari. Programu anayoitumia yeye inalisha nyumba, aliwaza. Haiwezi kuwa na jina fupi. Akautafuta mstari mrefu kuliko yote. Ulikuwa wa ishirini na mbili. Akauchorea mkasi mkubwa, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Hii. Hii msiiguse."

Mke wake akatazama mstari wa ishirini na mbili. Ilikuwa programu ya hali ya hewa, iliyoingia mle pasipo kualikwa, na ambayo kila asubuhi iliwaambia habari za mvua ya mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuukanyaga.

"Ni hiyo tu? Ndiyo inayotumika na mashine?"

"Mama Chiriku, hapa fundi nani?"

Wiki iliyotangulia mke alikuwa amemsahihisha mbele ya bibi aliposoma vibaya ujumbe wa simu, na mumewe hakusema naye mpaka kesho yake jioni. Labda uzi unataka kujua unyevu wa hewa, alijiambia. Labda ile picha ya sindano anayoibofya kila siku ni ya mashine yenyewe, haihitaji programu. Mwenye mashine ndiye anayeijua mashine. Hivyo akamtafutia sababu mwenyewe, akaiamini.

Akaanza kuondoa. Walinzi wawili wa virusi waliokuwa wakigombea lango moja, akamfukuza mmoja. Programu ya printa iliyokufa. Programu ya simu iliyoibwa. Ya kutengeneza kadi za harusi, na harusi yenyewe ilishavunjika. Kila mara kompyuta ilimuuliza kama ana hakika, na kila mara alibofya ndiyo. Iliyoandikwa namba kumi na moja, ile yenye jina la herufi nne na tarakimu tatu, ilitoka kwa sekunde chache tu, bila ukaidi.

Walipoizima na kuiwasha tena, iliamka kabla bibi hajamaliza kupiga miayo. Chiriku akapiga makofi. Fundi akamgusa mkewe begani, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Darasa linalipa," alisema.


Jumatatu asubuhi mke alikwenda kwenye pasi zake na fundi akakaa mbele ya kompyuta. Ilifunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Akatazama pembe ya kushoto, mahali pa picha ya sindano. Hapakuwa na kitu. Akatazama pembe zote. Ilikuwepo picha ya wingu lenye matone.

Aliizima, akaiwasha. Akachomoa waya mweusi, akaupuliza, akaurudisha. Akabadili sindano ya mashine iliyokuwa nzima. Akapaka mafuta palipokwisha pakwa.

"Husikiki leo," bibi alisema kutoka kitini.

"Uzi mbaya."

"Uzi ni ule ule wa juzi."

"Basi juzi ulikuwa mzuri, mama."

Mkewe aliporudi saa nane, na kola za watu bado zikimnukia mikononi, alikuta sweta sitini kama zilivyokuwa. Hakuna hata moja iliyofunguliwa kwenye fungu lake. Fundi alikuwa ameketi na bisibisi mkononi, hana anachokifungua.

"Ile picha ya sindano umeipeleka wapi?" aliuliza bila kumtazama.

"Ya sindano?"

"Ya kazi. Ninayoibofya."

Mke aliweka kikapu chini. Alijua kabla ya kwenda kuichukua karatasi, lakini alikwenda. Mbele ya namba kumi na moja hapakuwa na ua, wala duara, wala mkasi.

"Hukuitia alama."

"Niliitia. Nilitoboa karatasi!"

"Ulitoboa mvua, Baba Chiriku. Hii ni programu ya mvua. Nami nikadhani uzi unataka kujua mvua."

Bibi aliinua kichwa.

"Uliniletea majina," fundi alisema mwishowe, polepole. "Mimi siwajui kwa majina. Nawajua kwa sura."

Walikuwa wameoana miaka kumi. Alikuwa amemsomea barua, bili, maelezo ya dawa, kwa sababu macho ya mumewe yalichoka, au mwanga ulikuwa mdogo, au mikono ilikuwa na mafuta. Alilijua jambo hilo kama mtu anavyojua pana ufa nyuma ya kabati: halisogezi kabati.

"Kwenye pipa la taka je?" bibi aliuliza. "Si mna pipa humo ndani?"

"Programu haiingii pipani, mama. Ikitoka imetoka."

Akampigia simu fundi wa kompyuta wa pale sokoni. Kijana wa watu alimsikiliza kwa heshima, kisha akacheka kidogo. "Hiyo haipatikani hivi hivi, dada. Inakuja na mashine, kwenye sidii. Mashine mlinunua kwa nani?"

Mke aliiziba simu kwa kiganja. "Anauliza tulinunua kwa nani."

Fundi aliiweka bisibisi mezani. "Mwambie asante."


Mashine waliipata, ikiwa imetumika, kwa Mama Vifungo.

Mama Vifungo alikuwa na karakana ya ushonaji yenye mafundi kumi na wawili, na sauti kama mkasi wa bati. Fundi alimfanyia kazi miaka tisa. Mwaka wa tisa mama huyo alimpa usimamizi, na funguo za stoo. Fundi akazirudisha funguo mezani siku ile ile, akachukua mashine kuukuu badala ya kiinua mgongo, akaondoka. Miaka mitatu sasa, Mama Vifungo alikuwa akisimulia kwa kila mteja kwamba kuna watu ukiwainua wanaota pembe.

Jumanne asubuhi mke aliomba ruhusa kazini, wakaenda pamoja. Walipofika kwenye kibaraza cha karakana fundi alisema, "Ungeweza kuingia peke yako."

"Ningeweza. Lakini habari za mashine hataniuliza mimi."

Ndani, cherehani zilikuwa zikinguruma safu mbili. Mama Vifungo aliishusha miwani yake iliyofungwa kwa lastiki.

"Ajabu! Bwana mkubwa. Umepotea njia au umetukumbuka?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine yangu imekufa?"

"Haijafa. Programu yake imefutika kwenye kompyuta. Tumekuja kuomba sidii."

"Imefutika? Programu ni chaki? Nani kaifuta?"

"Mimi, mama," mke alisema upesi. "Nilikuwa nasafisha."

Mafundi wa safu ya kwanza wakapunguza mwendo. "Elimu ya jioni hiyo," mmoja alisema. Mwingine akajibu, "Ya mchana ina mwanga, unaona unachofuta." Wakacheka, si kwa ubaya sana. Mke alitabasamu nao. Fundi aliangalia viatu vyake.

"Sidii zote zimo kwenye boksi lile," Mama Vifungo alisema. "Nimeziandika mwenyewe kwa kalamu. Tafuta ya kwako, uende salama. Mimi si mtu wa kinyongo, ingawa funguo zangu nilirushiwa usoni."

Lilikuwa boksi la viatu. Fundi akachuchumaa. Zilikuwamo sidii kama arobaini, kila moja kwenye mfuko wa karatasi, na kila mfuko una maandishi meusi. Mkewe akainama kumsaidia.

"Mwache," Mama Vifungo alisema. "Mashine yake ataijua."

Alitoa moja, akaitazama, akairudisha. Akatoa ya pili. Ya tatu aliishika muda mrefu. Mkewe aliona kutoka aliposimama kwamba siyo, na kwamba iliyo yake iko nyuma yake, ya tano au ya sita, herufi nne na tarakimu tatu. Alitaka kukohoa. Alitaka kuidokoa kwa kidole cha mguu. Akasimama tu.

Fundi akairudisha ya tatu. Akasimama, magoti yakalia.

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Sijui kusoma hizi. Mashine zote humu nazijua kwa mlio, hata nikiwa nimefumba macho. Maandishi siyajui. Na aliyefuta siye huyu. Huyu aliniuliza mbele ya watu ipi aiache, nikaonyesha nisichokijua kwa kuona haya. Ndiyo hivyo."

Cherehani moja ilinyamaza, kisha nyingine, mpaka ikabaki ya mwisho kule nyuma ambayo mwenyewe hakuwa amesikia. Nayo ikanyamaza.

"Na zile funguo?" Mama Vifungo aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Msimamizi anajaza daftari la stoo, mama."

Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaivaa ikiwa na ukungu vilevile. "Miaka mitatu nimekutangaza kwa watu."

"Nilisikia."

"Na hukuja kunikanusha."

"Ningekuja kusema nini?"

Mama Vifungo alikaa kwenye kigoda, akalivuta boksi, akapekua haraka haraka kama mtu anayetafuta kosa la mwenzake, akatoa sidii na kumtia mkononi.

"Hii. Nirudishiwe kesho. Na usidhani sina hasira nawe. Miaka tisa tunakula meza moja, unaniacha nijifanye mjinga." Kisha akaigeukia karakana. "Mnatazama nini? Vifungo vimejishona?"


Njiani walipita upande wenye kivuli.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" fundi aliuliza.

"Si nilibofya mimi?"

"Ulibofya nilichokuambia."

"Nami nilishuku, nikanyamaza. Ningeuliza tena mara moja tu, kazi ingekuwa imekwisha jana." Alihamisha mkoba bega la pili. "Tugawane."

"Tugawane," alisema fundi. Alikuwa amechoka kama mtu aliyebeba kitu kizito akakitua.

Nyumbani, kompyuta iliimeza sidii ikaanza kuuliza maswali. Fundi alivuta kiti karibu na cha mkewe.

"Soma yote," alisema. "Usiruke hata moja."

Alisoma kila dirisha, la kigeni akalitia kwenye lugha yao, na fundi akajibu. Mashine ya aina gani? Ile ya sindano sita, si ya nne. Fremu kubwa au ndogo? Ndogo. Waya upande gani? Wa nyuma. Kila swali alilijua jibu lake. Hakuna lililomshinda.

Bibi aliwasikiliza toka kitini mwake. "Ni mimi," alisema ghafla. "Nilimtoa shule darasa la pili abebe mdogo wake."

"Wacha, mama. Mtoto alikuwa mgonjwa."

"Ndiyo, lakini alipopona sikukurudisha."

Fundi alinyoosha mkono bila kugeuka, akapapasa mpaka akalifikia goti la mama yake, akauacha hapo kidogo, mpaka picha ya sindano ilipojitokeza pembeni. Akaibofya mwenyewe.

Nembo ilipita kwa dakika mbili. Mashine ikatikisika, ikashuka, ikaanza. Mwenge, kitabu, ngao na chini yake, kisha utepe wenye herufi. Fundi alikata nyuzi, akaitoa sweta kwenye fremu, akapitisha kidole gumba juu ya utepe kama afanyavyo siku zote, kukagua mkazo. Kidole kikasimama.

"Hapa wameandika nini?"

Chiriku, aliyekuwa ametoka shule na bado ana mkoba mgongoni, alivuta pumzi ajibu. Mama yake akamtazama, naye akaishusha.

"Tusichoke," mke alisoma.

"Nani?"

"Wanafunzi. Ni wito wa shule."

Fundi alilitazama neno hilo kwa muda, midomo ikilitafuta, kipande kwa kipande. Kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho na nguvu, cha mtu ambaye hajalala vizuri, na mgongo wake ukamuuma akaushika.

"Miaka miwili nawashonea *tusichoke*, kwa mgongo huu! Na hii ya mwisho naipunguzia uzi kila mara. Nilidhani ni pambo la kufungia utepe."

"Ni herufi."

"Naona ni herufi. Inataka mwili kama wenzake." Alirudi kwenye kompyuta, akaiongezea uzi kidogo, akatazama, akaongeza tena kidogo. Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, na zilibaki hamsini na tisa. Alinyoosha mkono nyuma bila kutazama.

"Lete nyingine."